Shikamoo Iliyopigwa Marufuku

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa kuogopa, la hasha. Ni kwa sababu nchi zinazofanana nayo ni nyingi, na kila moja itadhani inasemwa yenyewe. Itoshe kujua kwamba ina Rais, ina bendera, ina barabara kuu inayopakwa rangi kila Rais akitaka kupita, na kwamba wakati fulani ilipigana vita ikashinda.

Vita vilikuwa vya kugombea Kilima Kipara. Ni kilima kisicho na mti wala maji, lakini jirani alipokwenda kusimika bendera yake juu, ndipo watu wa nchi hii walipoambiwa kwamba wamekuwa wakikipenda tangu enzi za mababu. Vijana wakapelekwa. Wengi wakabaki hukohuko. Kilima kikakombolewa, ngoma zikapigwa, na miaka michache baadaye, Rais alipomwoza binti yake kwa mtoto wa Rais wa nchi jirani, akakitoa kilima kilekile kuwa zawadi ya harusi. Siku hizi kinaitwa Kilima cha Undugu, na bwana harusi anafugia mbuzi wake pale.

Koplo Chilumba alikuwa mmoja wa waliokikomboa. Alirudi na mguu wa kushoto usiokunjika vizuri na tabia ya kukaa ameuelekea mlango. Alimkuta mama yake amekwisha kuzikwa. Rafiki yake Kitwana hakurudi kabisa. Chilumba ndiye aliyembeba mgongoni kumteremsha kilimani, na ndiye aliyekwenda kumpa mama yake habari. Serikali ilikuwa imetangulia na cheti kilichosema kwamba marehemu alianguka huku akilitaja jina la Rais. Mama Kitwana alisikiliza cheti kikisomwa mpaka mwisho, akakiweka chini ya chungu cha maji kisije kikapeperuka, kisha akamgeukia Chilumba.

"Alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Asubuhi ile tuligawana muhogo wa kuchoma."

"Haya," akasema Mama Kitwana, akaingia ndani kulia.

Tangu hapo, kila asubuhi Chilumba alipokwenda kwenye kibanda chake cha kuziba pancha za baiskeli, alipita kwanza mlangoni kwa yule mama. Alivua kofia, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Naye akajibu, "Marahaba mwanangu. Umekula?" Ajibu amekula, ajibu hajala, atapewa kitu tu. Basi. Maongezi yenyewe hayakuzidi hapo, na wala hawakuwahi kukizungumza kile kilima. Lakini duniani hakukuwa na mtu mwingine wa kumwita Chilumba mwanangu, na Mama Kitwana hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Siku Chilumba asipoitwa, hata pancha zilimshinda.

Sasa ikatokea kwamba Mheshimiwa Tukuza Mabango akateuliwa waziri. Mheshimiwa huyu hakupata bahati ya kwenda vitani, kwani wakati wa vita alikuwa ng'ambo akisomea upangaji wa maua, na masomo yale yalikuwa magumu, yakachukua muda uleule ambao vita vilichukua. Lakini moyo wake, kama alivyopenda kusema, ulikuwa kilimani. Akiwa safarini katika nchi moja tajiri aliona watu uwanja wa ndege wakimsimamisha askari na kumwambia asante. Machozi yakamtoka. Alirudi nyumbani na sheria mfukoni.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "tumekuwa taifa lisilo na adabu. Shujaa anapita, mtu anakula karanga. Shujaa anapita, mtu anajikuna. Kuanzia leo hakuna kujikuna."

Sheria ya Shukrani ilikuwa nyepesi kuielewa, hata mtoto angeielewa. Kila askari mstaafu alipewa beji ya shaba yenye ukubwa wa kisahani, aivae kifuani wakati wote isipokuwa anapooga. Raia akiiona beji anasimama wima, anaweka mkono kifuani na kusema, "Asante kwa kutulinda, shujaa." Shujaa anajibu, "Nilikuwa tayari, niko tayari." Kisha wanaachana, kila mmoja na njia yake, ili shukrani isije ikachafuliwa na maongezi ya kawaida. Raia ndiye anayeanza, awe mtoto au kikongwe. Shujaa hamwamkii mtu. Na kwa kuwa serikali inawajua watu wake, wakaajiriwa wakaguzi wa shukrani, wenye kofia za kijani na filimbi, wakatawanywa mitaani.

Siku za mwanzo Chilumba alijaribu kuipenda. Nani hapendi kushukuriwa? Lakini alipokwenda kunyoa, kinyozi alisimama wima, akamshukuru, akaenda zake. Ilibidi, sheria inasema waachane. Chilumba alibaki kitini na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kwa sababu kinyozi alikuwa hajaiona beji mpaka shuka lilipoteleza. Muuza samaki alimshukuru na kufunga meza. Wateja wa pancha walikuja na baiskeli, wakashukuru, wakaondoka na pancha zao vilevile.

Jioni alizoea kucheza bao na jirani yake Mponda, fundi makochi, mtu mwenye mdomo ambaye kwa miaka yote hiyo alimwita mlemavu wa akili kila alipomfunga. Sasa Mponda akawa anainuka kila Chilumba akitokea, mkono kifuani, macho ukutani. Mchezo ukafa. Siku moja Chilumba alimvizia nyuma ya karakana, hakuna mkaguzi karibu, akafunika beji kwa kiganja.

"Mponda, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu." Mponda alichungulia huku na huku. "Nimechoka tu kukushukuru, bwana. Leo nimekushukuru mara ngapi? Dukani, bombani, ukitoka chooni. Nikikuona kwa mbali nakata kona."

"Mimi sijakuomba unishukuru."

"Najua. Na mimi zamani nilikuwa nakushukuru, wewe hujui tu. Nilivyokuwa nakutukana kwenye bao unadhani nilikuwa nafanya nini? Kuna mtu anamtukana mtu asiyemjali? Sasa wameniwekea maneno mdomoni, na yale yangu yamekwenda sijui wapi."

Chilumba alitoa kiganja kwenye beji, na Mponda, kwa mazoea tu, akasimama wima.

Hayo yote angeyavumilia. Nywele zitaota, bao si chakula. Lililomkata maini lilikuwa mlangoni kwa Mama Kitwana.

Asubuhi ya kwanza ya sheria alivua kofia kama kawaida, na kabla hajafungua mdomo, filimbi ikalia. Mkaguzi alikuwa amesimama penye kona, kijana wa watu aliyevaa kofia ya kijani iliyomzidi kichwa.

"Shujaa haamkii," alisema kwa upole. "Shujaa anashukuriwa. Mama, simama tafadhali."

Mama Kitwana alikuwa na nyonga mbaya. Alishika fremu ya mlango, akajivuta, akapumzika, akajivuta tena. Chilumba alitaka kumshika mkono, filimbi ikalia, kwa maana kumshika mkono ni maongezi. Alipokwisha kusimama, yule mama aliyemzaa Kitwana na kumnyonyesha, na kumpeleka kambini mwenyewe amebeba kikapu cha maandazi, aliweka mkono kifuani mbele ya mtu wa rika la mwanawe.

"Asante kwa kutulinda, shujaa."

Aliyatamka kama anayemeza kwinini. Chilumba alijua kwamba hawezi kuyajibu maneno hayo. Amemlinda nani? Kama angelinda kitu, Kitwana angekuwa pale mlangoni anaomba chai. Lakini mkaguzi alikuwa anasubiri, filimbi mdomoni.

"Nilikuwa tayari," akasema Chilumba, "niko tayari."

"Vizuri sana," akasema mkaguzi. "Sasa achaneni."

Hakuulizwa kama amekula. Alikwenda kibandani, akakaa ameuelekea mlango mpaka jua likageuka, na hakuna pancha iliyozibwa.

Ilikuwa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Mwisho Chilumba akaona bora asipite kabisa, kuliko kumwinua yule mama na nyonga yake kila siku aje aseme uongo. Akaanza kuzungukia njia ya machinjioni, penye harufu. Mama Kitwana kwa upande wake aliendelea kuweka bakuli lililofunikwa kando ya mlango kila asubuhi, na kila jioni alilikuta limejaa. Hatimaye akamtuma Mponda.

"Kasema nikwambie," alisema Mponda, wima, akiangalia ukuta, "bakuli lake linarudi limejaa. Kasema alishakuwa na bakuli moja linalorudi limejaa, hataki la pili."

Siku hiyohiyo Chilumba aliibandua beji kifuani, akaivingirisha kwenye leso, akaenda wizarani kuirudisha.

Wizara ya Shukrani ilikuwa jengo zuri lenye sakafu ya marumaru inayoteleza, jambo lisilowasumbua wengi isipokuwa wenye miguu mibovu, yaani wateja wake wote. Afisa aliyempokea aliitwa Bwana Kasiano, Mkuu wa Kitengo cha Malalamiko ya Wanaoshukuriwa. Kwanza alisimama akamshukuru. Kisha, kwa kuwa maafisa wamesamehewa kile kifungu cha kuachana, akakaa.

"Nimekuja kurudisha hii," Chilumba akaweka leso mezani.

Bwana Kasiano aliifungua, akaifunika haraka kama aliyeona uchi wa mtu. "Shujaa, unairudishia nchi shukrani yake?"

"Sina ugomvi na nchi. Nataka kumwamkia mtu."

"Mtu gani?"

"Mama."

"Mama yako mzazi?"

"Mama yangu alishafariki. Huyu ni wa rafiki yangu. Yeye ananiita mwanangu."

"Kwa hiyo si mama yako." Bwana Kasiano aliuma kalamu, akafikiri kwa dhati, hakuwa mtu mbaya. "Sheria inamtambua mama mzazi, mama mkwe na Mama wa Taifa, ambaye ni mke wa Rais. Unaweza kumwamkia mke wa Rais kwa maombi maalumu. Hutaki?"

"Sitaki."

"Basi kuna shida. Ushujaa hauvuliwi hivihivi, ndugu yangu. Mtu anatoka kwenye ushujaa kwa njia tatu tu: afe, aasi, au ateuliwe ubunge."

"Mimi nataka kuamkia tu, bwana. Shikamoo. Anijibu, nipite."

"Na wananchi wakikuona umeinama mbele ya raia, watajisikiaje? Watadhani walilindwa na mtu wa kawaida." Bwana Kasiano aliinamia mezani, akapunguza sauti. "Hebu niambie. Mwanawe huyo mama alifia kilimani?"

"Ndiyo."

"Ana mvi?"

"Kichwa kizima."

Uso wa Bwana Kasiano ukachanua. Siku ya Shukrani ya Taifa ilikuwa inakaribia, na Mheshimiwa Waziri alikuwa ameagiza atafutwe mama wa marehemu, mwenye mvi, asimame jukwaani amshukuru shujaa mbele ya uwanja mzima. Walikuwa wamepata akina mama kadhaa, lakini mmoja alikuwa mnene mno kwa huzuni iliyokusudiwa, na mwingine aliuliza maswali. Chilumba alikuwa amekwenda kuomba asishukuriwe. Alitoka na mwaliko wa kushukuriwa uwanjani, beji ikiwa imerudishwa kifuani kwa mikono ya afisa mwenyewe.

Mazoezi yalifanyika kwa Mama Kitwana. Bwana Kasiano alifika na mtaalamu wa hisia, bibi mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Chilumba aliwekwa nje, asije akachafua shukrani kabla ya siku yake, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Ukifika kwenye neno kutulinda, mama, unalia," alisema mtaalamu. "Chozi moja. Jicho la kulia, ndiko kamera iliko."

"Na la kushoto nilifanyeje?" akauliza Mama Kitwana.

"Lizuie."

"Bibi, nimeshindwa kuyazuia yote mawili tangu wakati wa vita. Nyie mmechelewa kidogo."

Mtaalamu alicheka kwa adabu, akasema hilo ni zuri lakini halimo kwenye hotuba. Chilumba, huko nje, aligundua kwamba amekunja ngumi. Alikasirika mpaka akasikia aibu, kwa sababu alijua ni yeye aliyewaleta hapa. Alikwenda wizarani kwa ajili ya shikamoo moja, akawaonyesha njia ya nyumbani kwa yule mama.

Siku ikafika. Uwanja ulifurika, kwani wafanyakazi wote walipewa mapumziko kwa sharti kwamba wasipumzike. Wastaafu walipangwa juani ili waonekane, na Mheshimiwa Tukuza Mabango alikaa kivulini ili aone.

"Leo," alisema Mheshimiwa, "nikiwatazama mashujaa hawa, najiuliza: ningekuwa mimi, ningeweza? Na jibu linanijia bila kusita, kwamba ningeweza sana! Kwa sababu ushujaa hauko mguuni, ndugu zangu, wala mkononi, hasa kwa wale ambao hawana tena. Ushujaa uko rohoni. Na roho yangu, mtakumbuka, ilikuwa kilimani."

Makofi yakapigwa, kwani wakaguzi walikuwa wamejipanga kila ngazi. Kisha tarumbeta ikalia, na watu wawili wakapanda jukwaani kutoka pande mbili. Mama Kitwana alivalishwa kanga mpya ya rangi za bendera. Alipanda ngazi moja moja, akishika kiuno. Walipofika katikati, penye kipaza sauti, wakatazamana. Kamera ikasogea upande wa jicho la kulia.

Mama Kitwana akainua mkono kuuweka kifuani. Chilumba aliuona ule mkono ukipanda. Alijua kwamba ukifika, maneno yatatoka, naye atajibu, na uwanja mzima utapiga makofi, na baada ya hapo hakutakuwa tena na mlango wa kupita asubuhi. Kila mtu nchini atamjua yule mama kuwa ndiye aliyemshukuru. Basi. Akavua kofia. Mguu wa kushoto haukutaka, akaulazimisha, akainama.

"Shikamoo mama."

Kipaza sauti kilikuwa cha gharama. Kikaifikisha mpaka kwa wauza barafu nje ya geti.

Mkono wa Mama Kitwana ukakwama hewani. Mtaalamu wa hisia alionekana akipepea karatasi. Mama akamtazama Chilumba kuanzia kichwani, penye zile nywele zilizonyolewa upande mmoja zikaota vibaya, mpaka kwenye mashavu yaliyobonyea, na hotuba yote ikamtoka.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mbona umekonda hivyo? Umekula?"

"Sijala, mama."

Kisha, mahali fulani kwenye majukwaa ya bei nafuu, mwanamke mmoja akaanza kulia, na jirani yake akafuata, bila kuagizwa na kwa macho yote mawili. Mzee mmoja miongoni mwa wastaafu waliopangwa juani alivua beji yake, akaiweka kwenye nyasi, akakaa chini. Mponda, ambaye alikuwa juu kabisa kwa kuogopa kamera, akapaza sauti: "Mlemavu wa akili wewe!" Chilumba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu sheria ianze. Filimbi zilipigwa mpaka wakaguzi wakaishiwa pumzi.

Walimshughulikia hapohapo nyuma ya jukwaa. Kosa: kuinama akiwa kazini kushukuriwa. Adhabu: kuvuliwa beji. Bwana Kasiano aliibandua, akamwambia kwa uchungu kwamba sasa yeye ni mtu wa kawaida kama watu wengine. Chilumba alimshukuru, na ilikuwa asante ya kweli.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akavaa shati safi, akapiga njia yake ya zamani. Kifua kilikuwa chepesi. Muuza samaki alimwona akamtangazia bei, na ya juu pia. Kinyozi alimwita amalizie ile nusu. Moyo wake ukacheka.

Asichokijua ni kwamba magazeti yalikuwa yamemsifu sana Mheshimiwa Waziri kwa ubunifu wake wa kuleta shikamoo uwanjani, na kwamba Mheshimiwa, baada ya kuyasoma, alikumbuka kwamba kweli wazo lilikuwa lake. Kabla ya staftahi alikuwa amekwisha kutia saini Kanuni ya Shikamoo ya Taifa. Kuanzia siku hiyo kila shujaa atamwamkia kila mama wa marehemu, kila asubuhi, kwa kuvua kofia na kuinama kama ilivyoonyeshwa, na mama atajibu marahaba na kuuliza habari za chakula. Maneno yatamkwe kwa sauti ya kusikika. Mwasisi wa utaratibu huu, Koplo Chilumba, amerudishiwa ushujaa, pamoja na beji kubwa zaidi.

Alikutana na kanuni hiyo alipofika kwenye kona. Mkaguzi yuleyule, kofia ileile, alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Mama Kitwana, beji mpya mkono mmoja, kipaza sauti mkono mwingine, na nyuma yake mpiga picha.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe tu, shujaa," alisema mkaguzi, akambandika beji. "Karibu uamkie, ndiyo kanuni mpya: unavua kofia, unainama, shikamoo. Ukikosea tutarudia."

Chilumba alisimama katikati ya njia. Neno alilolitaka kuliko yote lilikuwa mdomoni, sasa ni halali, sasa ni lazima, na aliona kwamba akilitamka mbele ya hawa watu hatalipata tena. Alimtazama yule kijana, akatazama mlango uliofungwa.

"Nimesahau kofia," akasema. "Kanuni inataka kofia. Nakuja."

Akazunguka nyumba kwa nyuma, mguu ukiburuza, kupita kwenye banda la kuku. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo. Mama Kitwana alikuwa amekaa kwenye kibao ndani ya kizingiti, bakuli mapajani, kama mtu aliyekuwa akisikiliza yote.

Chilumba alifungua mdomo. Yule mama akamwekea kipande cha muhogo mkononi kabla neno halijatoka.

"Leo usiniamkie, mwanangu," akanong'ona. "Wako mbele wanaisubiri hiyo shikamoo. Kaa ule."

Akakaa. Muhogo ulikuwa wa kuchoma, bado wa moto. Huko mbele walimsikia mkaguzi akijaribu kipaza sauti, akikohoa, akiuliza kama shujaa amekwisha kupata kofia. Wakala kimyakimya, wala hakuna aliyemwamkia mwenzake.